Kadi ya RAID kwenye kompyuta isiyo ya kawaida: namna ya kuichagua, kuifunga na kuijaribu

Katika studio za kurekodi muziki, skuli na ofisi ndogo za Unguja na Pemba bado unaweza kukuta kompyuta za mezani ambazo si za ukoo wa kawaida wa PC: Power Mac G5, Mac Pro zenye kasha la aluminiamu, Sun zenye prosesa ya SPARC, na siku hizi mbao ndogo za ARM ambazo mtu huziunga mwenyewe. Mwenye mashine ya namna hii anapotaka kuongeza diski nne au nane na kuzikusanya chini ya kadi moja ya RAID, yaani mbinu ya kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, aghalabu swali lake dukani huwa ni kama kadi itaingia kwenye sloti. Kuingia ndiyo sehemu nyepesi. Kadi inaweza kuingia barabara, taa zake zikawaka, na mashine isiione kabisa. Au mashine ikaiona lakini isiweze kuanzisha mfumo kutoka kwenye diski zake. Au kila kitu kikafanya kazi kwa miaka, kisha kadi ikafa na diski zote zikawa hazisomeki kwa sababu kadi ya aina ile haipatikani tena. Hatua zinazofuata zimepangwa ili ukikwama mahali, uwe umekwama kabla hujatoa fedha ya hatua ya mbele.

Anza na siku ambayo kadi itakufa

Kadi ya RAID iliyo kamili, yaani yenye prosesa yake na kumbukumbu yake, huandika juu ya kila diski maelezo ya mpangilio: diski hii ni ya ngapi, vipande vya data vina ukubwa gani, na pariti, yaani hesabu ya ziada ya kurudishia data ya diski iliyokufa, imewekwa wapi. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kuyaandika maelezo hayo. Upo muundo wa pamoja uitwao DDF, uliotolewa na chama cha SNIA, na baadhi ya kadi huufuata, lakini kadi nyingi zina muundo wake wenyewe, kwa hiyo diski zilizopangwa na kadi ya kampuni moja kwa kawaida husomwa na kadi nyingine ya ukoo uleule tu. Kwenye PC ya kawaida huo ni usumbufu. Kwenye mashine ngeni ni hatari, kwa kuwa toleo la kadi lililotengenezwa mahsusi kwa mashine hiyo lilitoka kwa uchache na mara nyingi limeshaachwa kutengenezwa. Aliyeko Wete au Mkoani huko Pemba, kadi yake ikifa, ataambiwa asubiri mzigo, na mzigo wenyewe utategemea kama kuna mtu Dar es Salaam au Dubai aliyewahi kuiona kadi kama hiyo.

Kwa sababu hiyo napendekeza uamue njia kabla ya kuamua kadi, na njia ninayoipa nafasi ya kwanza kwa mashine zisizo za kawaida ni kutotumia RAID ya kadi hata kidogo. Nunua kadi ya aina ya HBA, ambayo kazi yake ni kuzipitisha diski moja moja hadi kwenye mfumo wa uendeshaji bila kuzichanganya, kisha RAID yenyewe ifanywe na programu: mdadm kwenye Linux, au ZFS kwenye mfumo unaoikubali. Chipu ya LSI SAS2008 imekuwa maarufu kwa kazi hii, nayo imo ndani ya LSI 9211-8i, IBM M1015 na Dell H200 na H310, kadi ambazo hupatikana sokoni kama mitumba ya seva. Ikiwa na programu dhibiti (firmware, yaani programu iliyo ndani ya kadi yenyewe) ya aina ya IT, kadi ya chipu hiyo hupitisha diski tupu. Ikiwa na ya aina ya IR hutengeneza RAID nyepesi yenyewe. Diski zilizopangwa na mdadm zinaweza kuhamishwa hadi kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye Linux na bandari za kutosha zikasomeka, bila kutafuta kadi pacha.

Kwenye mdadm kuna tahadhari moja inayowahusu hasa watu wa mashine ngeni. Muundo wa zamani wa maelezo yake, toleo 0.90, huandikwa kwa mpangilio wa baiti wa prosesa iliyoyaandika. PowerPC ya Power Mac na SPARC ya Sun huanza na baiti yenye thamani kubwa zaidi, ilhali x86 ya PC za kawaida huanza na yenye thamani ndogo zaidi, kwa hiyo safu, yaani kundi la diski za RAID, iliyoundwa kwa toleo 0.90 kwenye G5 haitambuliki moja kwa moja kwenye PC. Matoleo ya 1.x yameandikwa kwa mpangilio mmoja usiobadilika, na ndiyo ya kutumia. ZFS nayo husoma mipangilio yote miwili ya baiti bila kuambiwa.

Njia ya pili ni kasha la nje lenye RAID yake ndani, ambalo kwa kompyuta huonekana kama diski moja tu kupitia SATA, USB au FireWire. Kwa Power Mac G5 iliyo na FireWire 800, njia hii inakwepa karibu maswali yote yaliyobaki katika mwongozo huu, kwa sababu mashine haihitaji kujua chochote kuhusu RAID. Gharama yake ni kwamba sasa kasha ndilo lisilo na mbadala, na mifumo ya zamani inaweza kukataa diski moja inayozidi terabaiti 2.

Njia ya tatu ni kadi kamili ya RAID. Ina haki yake pale ambapo mfumo wa uendeshaji hauna RAID ya programu inayoaminika, au prosesa ni ya zamani kiasi kwamba kupiga hesabu za pariti kutaielemea. Ukiichagua, nunua mbili za aina moja kwa wakati mmoja. Kama fedha haitoshi mbili, basi haitoshi kwa njia hii.

Sloti

Soma namba ya mashine yako kwanza, kwa maana mashine za jina moja hutofautiana ndani. Power Mac G5 za kwanza, za mwaka 2003, zilikuwa na sloti za PCI au PCI-X kutegemea modeli, na zile za mwishoni mwa 2005 zikawa na PCI Express. Kadi ya moja haiingii kwenye nyingine. Kwenye PCI ya zamani tizama pia mkato ulio kwenye ukingo wa kadi, kwa sababu huo ndio unaotenganisha kadi za volti 5 na za volti 3.3. Sloti za PCI-X ni za volti 3.3, na kadi iliyotengenezwa kwa volti 5 peke yake haipaswi kulazimishwa kuingia humo.

Kwa PCI Express mambo ni mapesi zaidi. Kadi yenye njia nane za kupitisha data hufanya kazi kwenye sloti yenye njia nne au hata moja, ilimradi umbo la sloti linairuhusu kukaa, na kinachopungua ni kasi tu. Hesabu yake si ngumu: njia moja ya PCIe 2.0 hubeba takriban megabaiti 500 kwa sekunde kila upande, na diski ya kawaida inayozunguka hutoa kama 200. Diski nane zikisoma kwa pamoja zinahitaji 1,600, kwa hiyo njia nne za PCIe 2.0 zinazitosha kwa ziada. Kwenye Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023 na yenye njia moja tu ya PCIe 2.0, diski mbili au tatu zinatosha kuijaza njia hiyo. Umeme unaotoka kwenye kiunganishi chake kidogo hautoshi kulisha kadi ya seva, hivyo adapta utakayotumia lazima iwe na umeme wake wa volti 12.

Yapo mazabodi ya PC ambayo sloti yake ndefu ya kadi ya picha haikubali kadi ya aina nyingine, na yapo mengine ambayo hukataa kuwaka kabisa pindi kadi fulani za seva zikiwekwa. Kisa cha pili kinajulikana sana kwa Dell PERC 5/i na 6/i na baadhi ya H310. Chanzo chake ni nyaya mbili za mawasiliano madogo ziitwazo SMBus, ambazo kadi huzitumia kwa namna ambayo seva yake inaielewa na mazabodi ya mezani haiielewi. Dawa ni kufunika pini B5 na B6 za kadi kwa kipande chembamba cha utepe unaohimili joto, ili zisigusane na sloti. Upande B ni ule wenye chipu, na kuhesabu huanzia mwisho ulio karibu na bati la kufungia. Pini B1 hadi B3 hubeba volti 12 na B4 ni ya ardhi, kwa hiyo fanya kazi hii kwa mwanga mzuri na bila haraka. Utepe wa kawaida wa karatasi haufai, kwani hulainika kwa joto na gundi yake hubaki ndani ya sloti.

Nani huzungumza kwanza mashine inapowashwa

Hapa ndipo kadi nyingi zinapokwama, na ndipo wauzaji wanapokuwa na maelezo machache zaidi. Mashine ikiwashwa, kabla ya mfumo wa uendeshaji kuingia, programu dhibiti ya mashine hutafuta diski ya kuanzia. Programu hiyo haiijui kadi yako. Kadi yenyewe ndiyo inayotakiwa kujitambulisha kwa msimbo mdogo uliohifadhiwa ndani ya ROM yake, kumbukumbu isiyopotea umeme ukizimwa. Kila picha ya ROM hiyo huanza na baiti 55 AA, na mbele yake kuna namba inayoeleza msimbo ni wa aina gani: 0 ni wa BIOS ya x86, 1 ni wa Open Firmware, na 3 ni wa EFI, mrithi wa BIOS ambaye toleo lake la baadaye huitwa UEFI. ROM moja inaweza kubeba picha zaidi ya moja, lakini kadi iliyouzwa kwa ajili ya seva za PC za zamani mara nyingi hubeba ile ya 0 peke yake.

Ukiiweka kadi kama hiyo ndani ya Power Mac au Sun, ambazo programu dhibiti zake ni za ukoo wa Open Firmware, msimbo huo hauna maana yoyote kwao. Zinahitaji msimbo wa FCode, na kadi zenye FCode ni zile tu zilizotengenezwa kwa mashine hizo au zilizoandikwa upya kwa faili iliyotolewa na mtengenezaji. Kukagua ni rahisi. Kwenye Power Mac shikilia vitufe vya Command, Option, O na F wakati wa kuwasha, kisha andika dev / na ls uone orodha ya vifaa. Kwenye Sun simamisha mashine kwa Stop na A, andika show-devs, na ukitaka kuziona diski zenyewe andika probe-scsi-all, lakini baada ya kuweka auto-boot? kuwa false na kuipa amri ya reset-all, vinginevyo mashine inaweza kuganda. Kadi ikijitokeza kwa jina la namba tupu, kwa mfano pci1000,72, maana yake sloti imeiona na msimbo wa kuitambulisha haupo.

EFI nayo si moja. Msimbo wa EFI huandikwa kwa prosesa maalumu, na Mac Pro za 2006 na 2007 zinatumia EFI ya biti 32 ijapokuwa prosesa zake ni za biti 64, kwa hiyo picha ya EFI ya biti 64 haiendeshwi humo. Kuanzia Mac Pro ya 2008 tatizo hilo halipo. Kwenye mashine za ARM zenye UEFI panahitajika msimbo wa ARM, ambao kadi nyingi hazina. Baadhi ya programu dhibiti za kisasa za ARM zimebeba kiigizi cha x86 ili kuuendesha msimbo wa kadi, kama zilivyofanya zamani mashine za Alpha za kampuni ya DEC. Hata PC mpya zimeingia katika mkumbo huu, kwa kuwa mazabodi mengi ya miaka ya karibuni yameacha kuigiza BIOS ya zamani, na kadi yenye picha ya 0 peke yake haionyeshi tena menyu yake wakati wa kuwaka.

Mashine iliyonifurahisha zaidi katika jambo hili ni Talos II ya Raptor Computing Systems, yenye prosesa ya POWER9. Inatumia Petitboot, ambayo ndani yake ni Linux kamili inayowaka kwanza na kuitafuta diski kwa draiva zake yenyewe. ROM ya kadi haihitajiki. Kadi inayojulikana kwa Linux hiyo inaweza kutumika kuanzisha mfumo. Ni mashine adimu na ghali, na sitegemei kuwa utaikuta kwenye maduka ya Mlandege mjini Unguja, lakini inaonyesha kwamba ugumu wote huu umetokana na uamuzi wa watengenezaji.

Kwa mashine nyingine zote, njia ya kujinusuru ni kuacha kuanzisha mfumo kutoka kwenye kadi. Mfumo wa uendeshaji uweke kwenye diski moja iliyochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, na safu ya diski za kadi itumike kwa data tu. Hapo ROM ya kadi haihitajiki tena, na swali linalobaki ni la draiva.

Linaibuka tatizo dogo, ambalo ni namna ya kuipanga safu ya kadi kamili bila menyu ya ROM. Unaweza kuipanga kutoka ndani ya mfumo wa uendeshaji kwa chombo cha mtengenezaji, kama vile storcli kwa kadi za ukoo wa MegaRAID, baada ya kuhakikisha kwamba kipo kwa prosesa yako. Baadhi ya kadi za Areca zina bandari yao ya Etaneti na ukurasa wao wa mipangilio, kwa hiyo hupangwa kutoka kompyuta nyingine yoyote, na kwa mashine ngeni sifa hii inastahili kulipiwa. Kinachobaki ni kuifunga kadi na diski kwenye PC ya kawaida, kuipanga huko, kisha kuvihamisha vyote pamoja.

Kazi ya kuandika upya programu dhibiti nayo ifanyie kwenye PC ya kawaida. Kwa kadi za SAS2008 hutumika chombo kiitwacho sas2flash. Toleo lake la DOS likikuambia limeshindwa kuanzisha PAL, kadi haijafa. Mazabodi hiyo inakutaka utumie toleo la EFI kutoka kwenye ganda la UEFI. Nakili namba ya SAS, yaani anwani ya pekee ya kadi, iliyobandikwa kwenye kadi kabla hujafuta chochote, kwa sababu utatakiwa kuirudisha. Picha ya ROM kwa BIOS ni faili ya mptsas2.rom na kwa UEFI ni x64sas2.rom, na ikiwa huanzishi mfumo kutoka kwenye kadi unaweza kuziacha zote mbili, jambo litakaloifanya mashine iwake upesi zaidi. Kazi hii isifanywe bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza isiamke tena.

Draiva

Kwenye Linux amri ya lspci -nn itakupa namba mbili za kadi, ya mtengenezaji na ya kifaa. SAS2008 kwa mfano ni 1000:0072. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba kiini (kernel) cha Linux unachotumia kina moduli inayoitambua namba hiyo: mpt3sas kwa HBA za LSI, megaraid_sas kwa MegaRAID na PERC za karibuni, arcmsr kwa Areca, aacraid kwa Adaptec. Amri ya modinfo itakuonyesha orodha ya namba zinazotambuliwa. Usitosheke na kwamba Linux kwa ujumla inaisaidia kadi, kwani Red Hat Enterprise Linux 8 iliziondoa namba za kadi kadhaa za zamani, SAS2008 ikiwamo, ilhali msimbo wa draiva yenyewe ulikuwa bado unazijua. Kwenye mbao za ARM moduli inaweza kuwa haikuwekwa kabisa katika kiini kinachokuja na mfumo, na utalazimika kukijenga upya.

Kwa Mac hali ni finyu zaidi. Power Mac huishia kwenye Mac OS X 10.5, kwa hiyo draiva unayoitafuta ni ya enzi hiyo, na huenda tovuti ya mtengenezaji imeshaiondoa. Ipakue na uihifadhi kabla ya kununua kadi. Kwa Mac za Intel, kampuni kama ATTO, Areca na HighPoint zimetengeneza kadi zenye draiva za macOS, lakini kila toleo jipya la mfumo linaweza kuifunga draiva ya zamani. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple yenyewe, draiva za muundo wa zamani wa kiini haziingii mpaka mwenye mashine ashushe kiwango cha usalama wakati wa kuwasha. Kwa Windows ya ARM jibu ni fupi: uigizaji wake wa x86 unahudumia programu za kawaida, na draiva hazimo, hivyo bila draiva ya ARM64 kadi haina kazi.

Diski na kebo

Kadi za chipu ya SAS1068E, pamoja na PERC 5/i na 6/i, haziwezi kuona zaidi ya terabaiti 2 za kila diski, na hakuna programu dhibiti itakayolibadilisha hilo. Bandari ya SAS, aina ya muunganisho wa diski za seva, hupokea diski za SATA, lakini bandari ya SATA haipokei diski za SAS. Kebo za SFF-8087 zinazogawanyika kuwa nne ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura: moja hutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski nne, nyingine hutoka kwenye bandari nne za mazabodi kwenda kwenye ubao wa diski. Ukinunua ya pili kwa kazi ya kwanza, hutaona diski hata moja, na utaishia kuilaumu kadi isiyo na kosa.

Joto, chumvi na umeme wa hapa

Kadi za seva zimetengenezwa kwa kudhani kwamba feni za seva zinapuliza upepo juu yake muda wote. Ndani ya kasha la mezani lililotulia, tena wakati wa kaskazi katika chumba kisicho na kiyoyozi, chipu yake hupanda joto hadi kadi ikaanza kupoteza diski bila mpango, na fundi akabadilisha kebo na diski bure. Funga feni ndogo ya milimita 40 juu ya bati la kupozea, au ya milimita 80 pembeni ikielekezwa kwenye kadi. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe na kote karibu na pwani, hewa ya chumvi huchosha pini za kadi. Zisafishe kwa spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, wala usitumie kifutio chenye mchanga.

Kadi kamili huhifadhi kwa muda maandishi yanayokwenda kwenye diski katika kumbukumbu yake, na betri ndogo huyalinda umeme ukikatika. Betri hizo ni za lithiamu na huchakaa upesi kwenye joto. Ikifa, kadi nyingi huacha kuhifadhi na kuandika moja kwa moja kwenye diski, na RAID 5, mpangilio unaotumia pariti, huwa nzito ghafla. Kwenye PC onyo la betri hujitokeza kwenye skrini wakati wa kuwaka, kupitia ROM ileile. Kwenye mashine ambayo ROM haiendeshwi, onyo hilo halitaonekana kamwe. Weka chombo cha mtengenezaji kiwe kinakagua hali ya betri kila siku na kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo. Kadi zenye kapasita na kumbukumbu ya flashi badala ya betri huvumilia zaidi, na kwa hali ya hewa yetu ningezitanguliza.

Umeme wa visiwa hivi huja kwa kebo za baharini kutoka Bara, Unguja tangu 1980 na kebo ya pili mwaka 2013, Pemba kutoka Tanga tangu 2010, na wanaokumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010 hapa Unguja hawahitaji kuelezwa zaidi. Unapochagua UPS, zingatia kwamba diski moja ya inchi 3.5 huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12 wakati wa kuanza kuzunguka. Diski nane zikianza kwa pamoja ni karibu wati 200 juu ya matumizi mengine, kwa hiyo kama kadi inaruhusu, iambie iziwashe kwa zamu. Mashine kubwa kama Mac Pro, yenye pawasapulai ya wati 980, huenda isielewane na UPS za bei ndogo zinazotoa wimbi la mkato. Tafuta ya wimbi laini na uijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani kabla ya kuiamini.

Kuagiza na kujaribu

Unapoagiza kwa muuzaji wa mbali, usitosheke na jina la kadi. Mwombe picha mbili zilizopigwa leo, ya mbele na ya nyuma, zenye kibandiko cha namba kinachosomeka: “Shekhe, nipigie picha ya nyuma ya kadi, ile karatasi yenye namba ionekane, na ya ukingo wa pini.” Kwenye picha hizo utaona kama ni toleo la kampuni ya seva au la mtengenezaji mwenyewe, kama betri imo, na kama pini zimechakaa. Muuzaji anayekataa kutuma picha ya nyuma aachwe na kadi yake.

Kadi ikifika, ijaribu kwanza kwenye PC ya kawaida, ukiwa na diski zisizo na kitu. Ikifanya kazi huko, ihamishie kwenye mashine yako, uzime usingizi wa mashine, kwa kuwa kadi nyingi za seva haziamki vizuri baada ya kulala, kisha uwashe mara kadhaa kwa ubaridi, yaani kutoka kuzimwa kabisa, na kwa kuanzisha upya. Tofauti ya namna hizo mbili ni muhimu: baadhi ya kadi huchukua muda mrefu kuamka, na mashine isiyo na subira huendelea bila yake wakati wa ubaridi lakini huiona ikiwashwa upya.

Baada ya hapo jaza safu kwa faili kubwa, chukua hesabu zake za utambulisho kwa amri ya sha256sum, chomoa diski moja wakati mashine inafanya kazi kama kasha lako linaruhusu, na uangalie kama onyo limefika mahali utakapoliona. Weka diski nyingine, acha safu ijijenge upya mpaka mwisho, na ulinganishe hesabu tena. Kisha fanya jaribio ambalo watu huliruka: zima mashine, toa diski zote, zifunge kwenye kompyuta nyingine, na uone kama data inasomeka. Kwa HBA na mdadm kompyuta hiyo inaweza kuwa PC yoyote yenye Linux. Kwa kadi kamili itahitaji ile kadi ya pili uliyonunua, ikiwa na toleo lilelile la programu dhibiti.

Mambo yote yakienda sawa, andika namba ya nafasi juu ya kila diski kwa wino usiofutika, toa mpangilio wa safu kwenye faili, na uuhifadhi pamoja na draiva, faili za ROM na namba ya SAS kwenye flashi isiyokaa ndani ya mashine hiyo. Kadi ya akiba ifunge ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, pamoja na pakiti ya kukausha unyevu, na pakiti hiyo ibadilishwe kila masika ikimalizika.